UZI: Kwa nini soka halijamkolea Mmarekani? Tuache kwanza kusema "hawajui mpira"

#1 Mbeba Boksi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu ndani kila ikitajwa Marekani na kandanda, majibu ni yale yale: hawajui mpira, wamezoea kushika kwa mikono, wakiona sare wanasinzia. Mimi nabeba boksi hapa Columbus, Ohio, huu mwaka wa nane, na kwa muda mrefu niliimba wimbo huo huo. Nimeacha. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kupima aishie hapa.

Nianze na Jumamosi ya Oktoba mtaani kwangu. Saa mbili asubuhi bendera nyekundu za Ohio State, chuo cha hapa chenye timu ya futiboli ya Kimarekani, zimeshatundikwa vibarazani, magari yamepandishwa hadi kwenye nyasi, watu wanachoma nyama kwenye maegesho na mechi bado sana. Uwanja wa chuo unabeba zaidi ya watu 100,000. Wa chuo, wakuu! Wanaocheza ni wanafunzi. Uko pale tangu 1922 na unajaa. Kilomita chache kutoka hapo kuna uwanja wa Columbus Crew, mabingwa wa MLS (ligi kuu ya soka ya Marekani) wa 2023, viti kama 20,000. Nao unajaa, na kelele zake si haba. Ila Jumatatu ukifika ghalani ukasema "jana Crew wameupiga mwingi", unatazamwa kama mtu anayesimulia harusi ya binamu yake.

Sasa hoja za kijiweni. Eti mabao machache. Kwenye mpira wao, yaani futiboli ile ya kushika kwa mikono, timu ikiuvusha mpira mstari wa mwisho inapewa pointi 6, na teke la nyongeza 1. Kwa hiyo 21-14 yao mara nyingi ni 3-2 iliyovalishwa koti. Besiboli inaisha 2-1 na wameipenda zaidi ya miaka 100. Eti sare. Ni kweli hawaipendi, kila mchezo wao una namna ya kumpata mshindi. Lakini MLS ilipoanza 1996 iliwapa hicho hicho walichotaka: mechi ikiisha sare, mchezaji anaanza na mpira yadi 35 kutoka golini, anamfuata kipa, ana sekunde tano afunge. Saa ya uwanjani nayo ilihesabu kurudi nyuma mpaka sifuri. Matokeo? Wapenda mpira walikereka, na wasioupenda hawakuja. Baada ya msimu wa 1999 vituko hivyo vikafutwa.

Mimi nasema tatizo ni kiti. Wewe unayesoma hapa, Yanga yako au Simba yako hukuichagua. Uliikuta sebuleni, baba anafokea redio, mjomba kanuna wiki nzima kwa sababu ya dabi. Akija mtu leo na mchezo mpya, hata uwe mtamu vipi, atakuta hasira zako, fedha zako na Jumamosi yako vina mwenyewe. Kule soka ndilo mgeni aliyekuta viti vimekaliwa. Na kinachouma ni kwamba halikuchelewa kufika. Liliwahi, kisha likanyanyuliwa.

Tarehe 6 Novemba 1869, vyuo vya Rutgers na Princeton vilikutana New Brunswick, New Jersey. Wachezaji 25 kila upande, kuubeba mpira marufuku, kuurusha marufuku. Rutgers wakashinda 6-4. Mechi hiyo Wamarekani wanaiita mwanzo wa futiboli yao, lakini ungeitazama ungesema ni ndugu wa kandanda, tena ndugu wa karibu. Vyuo kadhaa vilikuwa vinaelekea huko. Harvard wakagoma. Wao walikuwa na sheria zao za kuruhusu mikono, na 1874 wakacheza na McGill ya Kanada kwa sheria za raga, wakanogewa. Mwaka 1876 vyuo vikakutana Springfield, Massachusetts, vikakubaliana kufuata njia ya raga. Baadaye Walter Camp wa Yale akaendelea kuichonga ile raga mpaka ikawa kitu cha kwao peke yao.

Mtasema vyuo vichache vina nguvu gani ya kuamua? Kule vina nguvu kubwa. Mtoto wa tajiri alisoma huko, magazeti yaliandika ya huko, na shule za chini ziliiga vyuo. Soka likabaki kwa vibarua wahamiaji, Waskoti na Wairishi wa viwandani, na wale hawakuwa na wa kuwaandika.

Naendelea baadaye, zamu inaanza.

#2 Mzee wa Kijiwe

Mkuu umeandika mengi, jibu ni moja tu. Mmarekani hapendi kitu asichoshinda. Angekuwa na Kombe la Dunia moja tu kabatini, tungekimbia humu.

#3 Mama Wawili

@Mzee wa Kijiwe hujambo baba yangu? Kombe la Dunia wanalo. Wanayo manne: 1991, 1999, 2015 na 2019. Au ya wanawake hayahesabiki kijiweni kwenu?

Fainali ya 1999 pale Rose Bowl waliingia watu 90,185. Fainali ya 2015 dhidi ya Japani, waliotazama kwenye televisheni yao ya Kiingereza walipita milioni 25. Hawakufika hapo kwa bahati. Kuna sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, hivyo vyuo vikalazimika kuwapa wasichana nafasi za michezo na ufadhili. Soka likafaidi sana, maana kwa wasichana kile kiti cha mleta uzi kilikuwa kitupu. Futiboli haikuwa na timu ya wanawake ya kukikalia.

#4 Mzee wa Kijiwe

Nimekaa chini mwanangu. Lakini hebu nijibu: walipokuwa mabingwa wa dunia, ligi yao ya wanawake iliishia wapi?

#5 Mama Wawili

Hapo umenishika kidogo. Ile ya kwanza ya kulipwa ilianza 2001 ikafa 2003. Ya pili ilianza 2009, misimu mitatu tu, kwaheri. NWSL ya 2013 ndiyo imesimama, na Kansas City wamejenga uwanja mahususi kwa timu yao ya wanawake, ulifunguliwa 2024. Watu walikuja kuishangilia bendera, bendera ikikunjwa wanarudi kwenye mambo yao. Kwa hiyo kushinda kunaleta watu siku ya fainali, hakuwabakizi. Ndiyo maana hoja yako ya #2 naikataa bado.

#6 Chandimu FC

Mleta uzi karudi? Wakati tunamsubiri niweke langu, mimi mzazi, niko Texas.

Bongo mtoto anaanza na chandimu. Makaratasi, soksi, kamba, mawe mawili kuwa goli. Gharama yake ni viatu vya shule na kiboko cha mama. Huku mwanangu ana miaka 11, kocha wa shule akaniambia ana kipaji, mpeleke klabu. Nikaenda klabu moja, sitaitaja. Nikapewa karatasi ya ada ya mwaka: maelfu ya dola. Jezi pembeni. Safari za mashindano pembeni, na kule mashindano ni kuendesha gari kwa muda wa masaa matano kwenda na hoteli juu yako. Nikauliza, sasa yule mtoto wa mama anayefanya kazi mbili na hana gari anachezea wapi? Wakanitazama tu.

Kwa hiyo kandanda, mchezo wa maskini dunia nzima, Marekani umekuwa wa watoto wa wenye gari kubwa. Kikapu kina goli kwenye kila bustani, bure, ndiyo maana mtoto wa mtaani anaenda kikapu. Na watu hushabikia mchezo waliouchezea mtaani kwao, siyo ule waliopelekwa na mama Jumamosi asubuhi kisha wakaacha walipofika miaka 13.

Wenzao Ulaya klabu ndogo ikimlea mtoto, akija kuuzwa inapata mgawo wake kwa taratibu za FIFA. Marekani kwa miaka mingi malipo hayo hayakuwa yanafuatwa. Sasa klabu itakula wapi? Itamla mzazi.

#7 Jirani wa Gikomba

Salamu kutoka Nairobi. Wadau mnazunguka, mimi nawapeleka kwenye pesa.

Mechi ya NFL, ligi yao kuu ya futiboli, inachukua saa tatu, lakini ukihesabu muda ambao mpira unachezwa kweli ni kama dakika 11. Zilizobaki ni marudio, makocha kunong'ona, na matangazo ya biashara. Ya bia, ya magari, ya dawa. Ule mchezo ni kama uliundwa kwa ajili ya televisheni ingawa ulizaliwa kabla yake. Sasa kandanda linampa mwenye televisheni nini? Dakika 45 bila kupumua, halafu mapumziko ambapo kila mtu ameenda jikoni. Ungekuwa wewe mwenye kituo mwaka 1960, ungebeba gani?

Ona bei basi. Mikataba ya televisheni ya NFL waliyosaini 2021 ni kama dola bilioni 110 kwa miaka 11. MLS na Apple walisaini 2022 kwa bilioni 2.5 kwa miaka 10. Hiyo si tofauti ya ndugu wawili, hiyo ni tofauti ya mwenye nyumba na mpangaji wa chumba cha uani.

#8 Mbeba Boksi (mleta uzi)

Nimerudi. Mmechangamka, safi sana. Niendelee nilipoishia halafu niwajibu.

Watu wengi hawajui kwamba miaka ya 1920 Marekani ilikuwa na ligi ya soka ya kulipwa iliyowanyima Waskoti usingizi. American Soccer League, ilianza 1921. Nyuma ya timu kulikuwa na viwanda: Bethlehem Steel ni kiwanda cha chuma, na Fall River, mji wa nguo, walikuwa na Marksmen wao. Walikuwa wanachomoa wachezaji Uskoti kwa mishahara mizuri pamoja na ajira kiwandani. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza, 1930, Marekani ikampiga Ubelgiji 3-0, ikampiga Paragwai 3-0, na Bert Patenaude, kijana wa Fall River, akaondoka na mpira wake siku ya Paragwai. Ndiye wa kwanza kufunga matatu katika mechi moja ya Kombe la Dunia, ingawa FIFA ilikuja kukiri 2006 tu. Nusu fainali Argentina wakawatwanga 6-1, lakini nusu fainali ni nusu fainali.

Kwa nini basi ligi ile ilikufa? Ugomvi wa viongozi! Hapa ndipo Mtanzania anajiona nyumbani. Mwaka 1928 ligi ikaziambia klabu zake zisusie kombe la shirikisho, kwa sababu ratiba zinagongana na mapato yanavurugika. Bethlehem Steel na wenzao wakakaidi, wakafungiwa na ligi. Shirikisho nalo likaifungia ligi, likasaidia kuanzisha ligi pinzani. Wakavutana hadi Oktoba 1929, na mwezi huo huo soko la hisa la New York likaanguka, viwanda vikafunga mifuko. Wamekuja kupatana nyumba imeshaanza kuungua. 1933 ligi ikafa. Fikiria Simba, Yanga na shirikisho wagombane mwaka mzima, halafu wakati huo huo wadhamini wote wafilisike.

Baada ya hapo ni giza. 1950 kule Belo Horizonte wakaifunga England 1-0, bao la Joe Gaetjens, Mhaiti aliyekuwa mwanafunzi New York na muosha vyombo mgahawani. Habari ya kutikisa dunia, ila kwao ilipita kama basi la usiku. Hawakurudi Kombe la Dunia hadi 1990. Miaka 40! Na miaka hiyo 40 ndiyo televisheni iliingia kila sebule. Watu wakakaa na baba zao wakatazama fainali ya NFL ya 1958, Colts na Giants, ile iliyokwenda muda wa nyongeza. Mambo ya kurithi niliyosema mwanzoni yalipikwa hapo.

@Jirani wa Gikomba, kwa hiyo nakubali ya televisheni, ila nakukatia kidogo. Televisheni ilimnenepesha aliyekuwa mezani tayari. Soka lisingekufa 1933, huenda wenye vituo wangetafuta mbinu ya kupachika matangazo, maana mfanyabiashara hashindwi.

#9 Bush Stars 77

Wanaita soka badala ya mpira wa miguu, hapo tu wameshafeli. Mtu asiyejua hata jina la mchezo ataupenda vipi?

#10 Mbeba Boksi (mleta uzi)

@Bush Stars 77 wewe mwenyewe umeandika nini hapo juu, mkuu? "Soka." Sote tunasema soka, na magazeti yetu yanaandika soka. Neno lilitungwa na wanafunzi wa Kiingereza waliokuwa wanalikata neno "association" kwa mzaha. Waingereza ndio walioliuza, leo wanamcheka mnunuzi. Na shirikisho la Marekani lilipoanza 1913 lilijiita la "football". Waliongeza "soccer" 1945, na ile "football" waliiondoa 1974.

#11 Kutoka Nyarugusu

Jamani mimi ni Mkongomani, nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, sasa niko Maine. Nasoma kimya tangu jana.

Huku kuna mji unaitwa Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyokufa. Kuanzia 2001 walihamia Wasomali wengi, wengine wetu tukafuata. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari yao, wengi wakiwa watoto wa wakimbizi, ilimaliza msimu bila kufungwa mechi hata moja, ikatwaa ubingwa wa jimbo kwa 1-0. Wazee wa Kizungu ambao babu zao walitoka Kanada kufuma nguo walijaa uwanjani kuwashangilia akina Abdi. Hakuna aliyewafundisha kuotea ni nini. Walikuja kwa sababu ni watoto wa mjini kwao.

Hiyo ndiyo naona hoja ya kiti inasema, ila kinyume chake. Ukimpa Mmarekani timu ya kwake, anakaa.

#12 Takwimu Tu

Mnaongea kama soka limelala. Tazameni: Kombe la Dunia la 1994 huko huko kwao, wastani wa karibu watu 69,000 kwa mechi. Fainali ya MLS 2018 Atlanta, 73,019. Utafiti wa Gallup wa mwishoni mwa 2023 ulipouliza mchezo gani unapenda zaidi kutazama: futiboli asilimia 41, besiboli 10, kikapu 9, soka 5. Yaani ukitoa yule jitu, hao wengine hawako mbali kiasi hicho. Kwa nini hamuulizi "kwa nini besiboli inashuka"?

#13 Mbeba Boksi (mleta uzi)

@Takwimu Tu, hii ndiyo komenti niliyokuwa naisubiri, na hapa nitakaa.

Ile asilimia 5 ukiipasua ndani utakuta watu wasiojuana. Jirani yangu wa kushoto ni wa kutoka Jalisco, anatazama ligi ya Meksiko kwa Kihispania, na hiyo kwa miaka mingi ndiyo ligi ya soka yenye watazamaji wengi kuliko zote ndani ya Marekani, siyo ligi yao. Bosi wangu mdogo ni Mzungu, msomi, anaamka alfajiri Jumamosi kutazama Ligi Kuu ya England na kahawa yake. Mimi nina Crew na Yanga ya kwenye simu. Wote tunaitwa wapenda soka, lakini Jumatatu hatuna cha kubishana. Jalisco hajui nani kafunga kwa bosi, bosi hajui Crew wako nafasi ya ngapi. Ushabiki bila mtu wa kumtambia ni nini? Ohio State akimfunga mtani wake Michigan, mji mzima una mada moja hadi Krismasi.

Na @Mzee wa Kijiwe, naomba nikurekebishie hoja badala ya kuitupa. Siyo kwamba Mmarekani lazima ashinde. Anataka kilele kiwe kwake. Akitazama NBA anajua hakuna kikapu bora zaidi ya hicho popote duniani, hata mchezaji nyota akiwa Mserbia au Mslovenia. Akitazama MLS anajua fika kwamba hii siyo. Ligi imeweka ukomo wa mishahara tangu ilipoanza, na mikataba ya wachezaji inashikwa na ligi yenyewe, siyo klabu. Waliogopa yaliyowakuta NASL, ligi ya soka iliyowatangulia: 1975 Cosmos wa New York walimleta Pelé, wakamwongeza Beckenbauer, 1977 wakajaza watu zaidi ya 77,000 Giants Stadium, wengine wakaiga kwa fedha wasizokuwa nazo, ligi ikavimba hadi timu 24, na 1984 ikacheza msimu wake wa mwisho. MLS imejifunza kutokufa. Ila kwa kujibana vile imejifunza pia kuwa ya daraja la kati, na kuwaruhusu akina Beckham 2007 na Messi 2023 waingie kwa mlango wa pembeni, walipwe juu ya ukomo ule. Messi akija mjini tiketi zinapaa. Akiondoka, wengi walionunua wanaondoka naye.

Halafu hakuna kushuka daraja. Timu ya mwisho inasubiri mwaka ujao, hakuna anayelia. Kwa michezo yao mingine ni hivyo hivyo na wamezoea, lakini kandanda ukilitoa roho ya kushuka daraja, miezi ya mwisho inabaki pilau bila nyama kwa nusu ya timu.

#14 Mzee wa Kijiwe

Hapo kwenye kilele nimekuelewa. Ila Gallup si ndiyo imetaja asilimia 5 tu? Basi nilikuwa sahihi kwa asilimia 95 😂

#15 Chandimu FC

Mzee hashindwi huyu.

@Mbeba Boksi swali la mwisho kwangu: hapo ghalani hujafanikiwa kumbadilisha hata mmoja?

#16 Mbeba Boksi (mleta uzi)

Mmoja, nusu. Ni mtu wa makamo, kazaliwa hapa hapa, babu yake alikuwa na tiketi ya msimu ya Ohio State na yeye kairithi. Nilimpeleka Crew mwaka jana. Alifurahi, akaimba, akauliza kwa nini saa haisimami mpira ukitoka nje, nikamweleza, akasema sawa. Binti yake wa miaka tisa anacheza soka, beki wa kushoto, tena mzuri. Kila Jumamosi asubuhi baba yupo pembeni ya uwanja na kiti chake cha kukunja.

Sasa ile Jumamosi ya mwisho wa Novemba, siku ya Michigan, nikamuuliza: leo umemwacha nani kumpeleka mtoto, maana mechi yenu ni saa sita? Akanishangaa. Akasema leo hakuna mechi ya watoto, Jumamosi hii haijawahi kupangwa. Kocha wao naye ana tiketi.